Pancras wa Kwenye Shuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adelfina alipita kwanza migombani. Hakwenda kupalilia. Alikwenda kuutazama mgomba mmoja tu, ule wa kaka yake Pancras, alioupanda muda mfupi kabla ya kuchukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda kupigana vita vya Kagera. Sasa mgomba ulikuwa umezaa. Mkungu ulikuwa umeinama kwa uzito, na mama yao, Felisita, alikuwa ameuvisha gunia ili tumbili wasiudokoe.

Nyumbani kwao, mkungu wa kwanza wa mgomba ulianza kuliwa na yule aliyeupanda. Yeye akishaonja, ndipo wengine walipopeleka mikono. Mama Felisita hakulegeza utaratibu huo hata kidogo. Mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa cha Nyabusozi, wengine walipakia vitanda kwenye malori; yeye alikuja na miche ya migomba mapajani kama watoto mapacha, vyungu akaviacha. Basi gunia lilikaa. Vita vilikwisha, vijana wengine wakarudi mmoja mmoja, wamekonda na wana visa vya kuwatosha mpaka uzeeni. Pancras hakurudi. Habari zake nazo hazikurudi.

Rafiki wa Adelfina alikuwa Zita. Darasa la sita walikaa dawati moja. Siku ya kuhamia kijijini walipanda lori moja, wakatapikiana njia nzima, na tangu hapo hakuna aliyewatenganisha. Adelfina alimwamini Zita kuliko alivyoiamini saa ya mwalimu mkuu, ambayo kwa kweli ilikwenda mbele au kurudi nyuma kulingana na njaa ya mwenyewe.

Likizo ilipokwisha, Zita alirudi kutoka Biharamulo mjini, kwa mama yake mdogo, akiwa na habari kubwa. Alikuwa ameona sinema.

Sinema haikuwa jambo geni kabisa Nyabusozi. Gari la sinema lilikuwa limewahi kufika, likatundika shuka jeupe mbele ya ofisi ya kijiji na kuonyesha kilimo bora cha pamba. Katikati ya pamba akatokea mzee Methusela, jirani yao kabisa, ameshika jembe, mkubwa kuliko nyumba yake. Kumbe walikuwa wamempiga picha shambani bila yeye kujua ni za nini. Tangu siku hiyo mzee Methusela alitembea katikati ya barabara, na watu wanasema hata mbuzi walimpisha. Kwa hiyo Nyabusozi walilijua jambo moja kuhusu sinema: mtu anayeonekana kwenye shuka yupo duniani, na ana shamba lake mahali.

Wasichana walimzunguka Zita kisimani.

"Hii si ya pamba," Zita alisema, amekalia ndoo yake aliyoifudikiza. "Ni ya watu kukutana. Kuna marafiki wawili walipotezana wadogo, wanakutana wazee, hata meno hawana. Kuna mama na watoto wake, wanapishana sokoni, nyinyi mmekaa pale mnawapigia kelele, geuka, geuka nyuma, hawasikii. Mwisho kuna askari anashuka kwenye treni. Mama yake anamkimbilia. Watu mjini walilia mpaka vumbi likatulia."

"Askari gani?" Adelfina aliuliza.

"Askari tu. Mrefu."

"Mrefu kama Pancras?"

Zita alimtazama. Ndoo zote zilikuwa kimya, hakuna aliyechota.

"Kama Pancras," alisema.

"Ana kovu hapa, juu ya jicho?"

"Analo."

"La kushoto?"

"La kushoto. Nilitaka nikwambie tukiwa wawili, hawa wana midomo."

Adelfina aliiacha ndoo pale pale. Njia nzima alikimbia, kanga mkononi.

Mama Felisita alikuwa akipepeta maharage. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliweka ungo chini taratibu, akasema, "Niitie Zita."

Zita alipewa kigoda cha wageni na maziwa ya mgando. Akasimulia. Kesho yake akaitwa tena, akapewa maziwa, akasimulia tena, na sasa askari alikuwa amecheka kidogo alipokuwa anashuka. Siku iliyofuata askari alikuwa na koti.

"La rangi gani?" mama aliuliza.

"Sinema haina rangi, mama."

"Basi lilikuwa la kijani," mama alisema. "Pancras anapenda kijani."

"La kijani," Zita alisema, akafuta maziwa mdomoni.

Haikupita muda, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba gari la sinema lingefika Jumamosi, na sinema ni ile ile iliyoonyeshwa mjini. Mama Felisita alimtuma dereva wa lori awafikishie habari jamaa zao wa Kanazi, kule Ngara. Shangazi Esperansia hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alifika Ijumaa, amekaa juu ya magunia ya maharage kama askofu, ana vumbi mpaka kwenye kope.

Jumamosi mchana mama alitwaa panga, akaingia migombani na kuvua gunia.

"Mama," Adelfina alisema, "si tumsubiri aonje yeye kwanza?"

"Anakuja leo. Atakuja kwenye shuka, lakini ni yeye. Tutapika, tukamtazame, kisha tule. Itakuwa ameonja."

Zita alikuwa amesimama kando, anachezea jani kavu. "Mama, labda tungengoja kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

"Tungoje nini tena?" Adelfina alimcheka. "Wewe si ndiye uliyemwona?"

Zita alilipasua lile jani. Mkungu ukaanguka.

Jioni, giza lilipoingia, kijiji kizima kilikuwa mbele ya shuka. Jenereta ilinguruma nyuma ya gari. Mama Felisita alikaa mstari wa mbele kabisa, amevaa kitenge cha kanisani, shangazi kulia, Adelfina kushoto. Mwendesha sinema, Ndugu Luhende, mtu mzima mwenye kofia iliyofifia, aliwasha mashine yake.

Zita hakuwa amedanganya kuhusu wale marafiki vibogoyo. Watu walicheka. Hakuwa amedanganya kuhusu sokoni. Mzee Methusela mwenyewe alisimama na kumfokea yule mama ageuke. Kisha treni ikaingia. Shangazi Esperansia alimshika mama mkono.

Askari akashuka. Alikuwa mrefu. Akageuza uso, ukajaa shuka lote. Haukuwa na kovu. Ilikuwa pua ya nyumba nyingine, midomo ya nyumba nyingine. Mama mmoja alimkimbilia akamkumbatia, muziki ukapanda, sinema ikaisha.

"Yuko wapi?" shangazi aliuliza. "Wifi, Pancras ni yupi?"

Mama Felisita alisimama, akaenda hadi kwenye mashine. "Ndugu, naomba urudishe pale pa treni. Pengine sikutazama vizuri."

Ndugu Luhende alitaka kusema kitu kuhusu mafuta ya jenereta. Alimwangalia mama usoni, akarudisha. Treni ikaingia mara ya pili. Askari akashuka mara ya pili, na hakuna mtu aliyekohoa.

"Siye," mama alisema.

"Mama yangu, unamtafuta nani?"

"Mwanangu. Alikwenda vitani. Nimeambiwa yumo."

Ndugu Luhende alivua kofia. "Hawa ni waigizaji, mama. Wale wa pamba walikuwa wakulima kweli, lakini hawa wanaigiza hadithi. Huyu hajawahi kuwa askari. Na sinema yenyewe ni ya zamani, ilitengenezwa kabla ya vita. Aliyekwambia mwanao yumo hakukutendea haki."

Adelfina alimtafuta Zita kwa macho, akamkuta nyuma ya umati, amejifunika kanga mpaka puani. Alimfuata.

"Ulisema ana kovu."

"Wewe ndiye uliyesema kovu," Zita alijibu, machozi yakimtoka. "Mimi nilisema ndiyo."

Adelfina aliyarudia kichwani maneno ya kisimani. Ilikuwa kweli. Jina la Pancras lilitoka kwake, kovu lilitoka kwake, jicho la kushoto lilitoka kwake. Zita alikuwa amepokea tu na kumrudishia, kama mtu anayekuzawadia kuku wako mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu mwingine angeweza kumdanganya. Huyu alijua hasa mahali pa kuingilia.

Nyumbani ndizi zilikuwa zimeiva chunguni. Jamaa walikaa kuzizunguka. Haikuwezekana kuzirudisha mgombani, basi walikula. "Zimelainika vizuri," shangazi alisema, kisha akatamani angenyamaza.

Asubuhi baba yake Zita alimleta, amemshika mkono. Zita alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Adelfina aliniuliza vile... nikaona nikikataa atalia. Halafu kila mtu akawa ananisikiliza. Halafu maziwa." Aliinama zaidi. "Nilitaka kusema jana, mlipokuwa mnakata. Nikashindwa."

Mama Felisita alisogeza kigoda, akaketi mbele yake. "Ungeniambia hukumwona," alisema, "ningebaki na wasiwasi wangu, nimeshauzoea, nalala nao na kuamka nao. Wewe ulinipa mwanangu, nikamkalisha moyoni, kisha ukaninyang'anya mbele ya kijiji. Vita vilimchukua mara moja. Mara ya pili umemchukua wewe."

Hakumchapa wala hakuruhusu baba yake amchape. Alimpeleka migombani, akamwonyesha mgomba wa pili aliopanda Pancras, uliochelewa kuzaa, ambao mkungu wake ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia. "Ule wa kwanza umetupotea. Huu utaulinda wewe mpaka mwenyewe arudi, au mpaka tujue harudi."

Ndugu Luhende naye alipita kabla ya kuondoka. "Mama, nina kipaza sauti na safari ndefu. Nakwenda Nyakisasa, nakwenda Muleba, nafika mpaka Bukoba. Kila nitakapotundika shuka nitalitaja jina la mwanao na kijiji chake. Siahidi zaidi ya hapo."

Adelfina alihamia dawati jingine. Masika yakaja yakaisha, na kila asubuhi alipokwenda migombani alimkuta Zita ameshafika, ana fimbo, anafukuza tumbili. Wanasema tumbili mmoja mzee alifikia kumjua Zita kwa jina na kumwamkia. Adelfina hakumwamkia. Alipita kana kwamba Zita ni kisiki.

Alasiri moja, Adelfina akipalilia maharage, Zita alitokea mbio kutoka upande wa barabara, akasimama mbali, anahema.

"Gari la sinema limesimama ofisini."

"Na mimi nifanyeje?"

Zita alifungua mdomo, akaufunga. "Usiniamini," alisema. "Nenda ukaone mwenyewe."

Adelfina alikuwa na jibu kali tayari. Lakini aligundua kwamba Zita hakuwa amemtaja mtu yeyote, hakuwa ameongeza koti wala kicheko. Alitupa jembe, akamwita mama.

Hawakufika ofisini. Njiani walimkuta anakuja, Ndugu Luhende akimfuata nyuma na kifurushi. Wa mbele alikuwa na mkongojo mkononi, mguu mmoja ukiburuta vumbi. Hakuna aliyekimbia. Yeye hakuweza, na mama alitembea taratibu hadi alipo. Hapakuwa na muziki, ila kuku wa jirani.

"Shikamoo mama," Pancras alisema.

"Marahaba." Mama alimshika shati kwenye kola, akaligeuza. "Umekonda. Nani alikuwa anakufulia hili shati?"

Ndipo akalia.

Pancras alikuwa amelazwa Bukoba muda wote, mfupa wa mguu ukikataa kuunga. Alituma salamu kupitia wenzake wawili waliotangulia kurudi, wote wakaahidi, hakuna aliyezifikisha. "Nikajua mmezipata mkanyamaza," alisema. "Nikaudhika. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema amesikia jina langu kwenye sinema."

Jioni ile mama aliukata mkungu wa pili. Ulikuwa mzima, hauna hata alama ya jino. Ndizi zilipoiva, Pancras akaonja kwanza, kisha mama akamwita Zita aliyekuwa amebaki uani.

"Mwambie ule wa kwanza ulikwenda wapi."

Zita alisimulia yote, kuanzia kisimani hadi kwenye shuka. Hakuongeza chumvi, wala hakusema kwamba Adelfina ndiye aliyetaja kovu. Pancras alisikiliza huku akitafuna.

"Na huyo wa kwenye shuka," aliuliza, "alikuwa mzuri kunipita?"

Zita alimtazama, akafikiri. "Ndiyo," alisema. "Kidogo."

Shangazi Esperansia, aliyekuwa amekuja kuwatembelea tena kutoka Kanazi siku mbili kabla, juu ya magunia yale yale, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Felisita alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu vita.

"Hivyo ndivyo," alisema alipotulia. "Hukuona, sema hukuona. Mtu mwenye hamu kubwa anakuomba uongo bila mwenyewe kujua. Ukimpenda, mnyime. Ataumia siku moja, lakini kesho atakuamini. Na wewe Adelfina, ukimuuliza mtu swali, usiulize huku jibu umelishika mkononi."

Jumatatu Adelfina alirudi kwenye dawati lake la zamani. Nafasi yake ilikuwa tupu. Zita hakuwa amemruhusu mtu kuikalia.