Wifi Yangu Alikalia Kiti Changu Kwenye Kozi ya Sarufi

Nilifungua mlango wa darasa... nikamkuta wifi yangu amekalia kiti changu!

Muireann. Dada wa mume wangu. Mwanamke ambaye wiki iliyotangulia alinicheka mpaka akapaliwa na chai, eti mtu mzima na akili zake anakwenda kufungiwa wiki nzima kusoma sarufi ya Kiayalandi.

Sasa yuko pale. Meza ya mbele. Kalamu mkononi!

Nilibaki nimeshika kitasa, koti langu linachuruzika maji ya mvua sakafuni. Wanafunzi wote, watu wazima kama mimi, wakageuka kunitazama.

Mkuu wa kozi, Bi. Damhnait, alikuwa amesimama ubaoni.

"Wewe ni nani?" akaniuliza kwa Kiayalandi.

"Noreen Tuohy. Samahani, basi limenichelewesha."

Akakunja uso.

"Noreen Tuohy alijitoa."

"Alijitoa?"

"Alipiga simu Ijumaa. Nafasi yake amepewa mtu mwingine."

Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa wifi. Yeye akaanza kuikagua kalamu yake kama hajawahi kuona kalamu.

Nikamuuliza kwa Kiayalandi changu cha kuungaunga, polepole ili nisikosee:

"Wifi, hicho si kiti changu?"

Akanijibu kwa Kiingereza. Kweupe, mbele ya watu!

"Noreen, acha kujiaibisha. Rudi nyumbani."

Wanafunzi wakaganda, kalamu zikasimama juu ya madaftari.

Ili mjue kwa nini watu waliganda vile, ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa Longford, katikati ya Ayalandi, ambako watu wanaongea Kiingereza. Kwetu Kiayalandi tulikisoma tangu utoto hadi tunamaliza shule, na tukatoka hatuwezi hata kuagiza chai. Mume wangu, Lorcán, kwao ni Conamara, kwenye vijiji ambako lugha hiyo bado ni ya jikoni na ya zizini.

Nilipoolewa nikaanza kujifunza upya, peke yangu. Napiga pasi, redio inaongea. Nakosea, narudia. Polepole ulimi ukafunguka, mpaka nikapata kazi ya muda kama mwalimu msaidizi, katika shule ambayo masomo yote yanafundishwa kwa Kiayalandi.

Kuongea nilikuwa najitahidi. Kuandika... jamani!

Mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Noreen, watoto wanakupenda. Lakini ukiandika ubaoni, wazazi wananipigia simu. Septemba kuna mtihani wa kuandika. Ukifaulu, nakuajiri moja kwa moja. Ukifeli, itabidi nitafute mwingine."

Nilikuwa na kiangazi kimoja tu cha kuiokoa kazi yangu.

Sasa, wifi. Kila Jumapili tunakula kwa mama mkwe, Mama Peigí. Nikimwambia Muireann kwa Kiayalandi anipitishie chumvi, ananijibu kwa Kiingereza. Nikimuuliza habari za kazi, Kiingereza. Akigeuka kwa mama yake, Kiayalandi kinamiminika kama maji. Akinirudia mimi, Kiingereza.

Ambao hamjaishi huku mnaweza kuona ni kitu kidogo. Ni tusi. Ni kumwambia mtu kwamba lugha hii si saizi yako, ivue.

Sikuwahi kumjibu. Nilijiambia labda anachoka kunisikiliza nikikwamakwama. Mimi si mwepesi wa kuhukumu watu.

Basi nikaanza kutafuta kozi. Mimi huenda na jambo kwa mpangilio. Nilipiga simu sehemu tatu, na kote nikauliza yale yale. Je, mnasahihisha tunachoandika? Nikikosea, mtanieleza kwa nini?

Wa Dublin akacheka kwa ukarimu. "Usiwaze makosa, mpenzi! Cha muhimu ni kujiamini!"

Nikamshukuru, nikakata simu. Kujiamini ninako, na ndiko kulikonifikisha kwenye simu za wazazi.

Wa Donegal akaniambia kila jioni kuna ngoma na nyimbo. "Na sarufi?" nikauliza. "Aa, itakuja yenyewe."

Nikajiuliza itakuja na basi gani.

Wa tatu ndiye Bi. Damhnait, wa hapa Conamara. Sauti kavu kama mkate wa juzi.

"Tunasahihisha kila sentensi. Kuna watu wazima huwa wanalia. Bado unataka?"

"Niandikie jina langu," nikasema.

Jumapili nikawaambia mezani. Muireann akaweka uma chini.

"Wewe, sarufi? Si uende Donegal tu! Ucheze ngoma, upige picha na kondoo, urudi. Sarufi ni ya watu waliokosa lugha nyumbani kwao, sisi tumeinyonya."

"Muireann, mwache mwenzio," Mama Peigí akasema.

"Namsaidia, Mama! Nani atamwambia ukweli?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akafuta macho, akaniuliza kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake:

"Ni ile ya Bi. Damhnait? Inaanza lini vile? Na imejaa?"

Mimi mjinga nikafurahi! Nikadhani moyo umelainika. Nikamweleza yote.

Haya, turudi darasani.

Kozi ile ina sharti moja. Asubuhi ya kwanza kila mwanafunzi anasimama na kuahidi kwa sauti kwamba tangu mlangoni pale mpaka wiki iishe, hatasema Kiingereza. Ukikisema, unafungasha. Hakuna onyo la pili. Watu husema Bi. Damhnait aliwahi kumrudisha nyumbani hata padri.

Na Muireann alikuwa ametoka kuahidi, kabla tu sijafika.

Bi. Damhnait akaweka kalamu ya ubao chini.

"Muireann. Umesema nini?"

"Lakini nilikuwa naongea na huyu tu!"

Kwa Kiingereza, tena!

Akajiziba mdomo. Too late... yaani mambo yalishaharibika. Nyie, alikuwa hajakusudia! Amezoea kunidharau kwa Kiingereza mpaka ulimi hauna njia nyingine ya kunifikia.

Ndipo akabadilisha, sasa kwa Kiayalandi kile kitamu cha kwao:

"Bi. Damhnait, tafadhali! Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii!"

"Ndiyo maana nashangaa ilivyokutoka kwa swali moja," Bi. Damhnait akasema. "Mkoba wako uko chini ya meza."

Bwana mmoja wa nyuma akaguna kicheko, akakimeza.

Muireann akakusanya vitu vyake. Akapita karibu yangu bila kuniangalia, bega likanigusa. Nikakaa. Kiti bado kilikuwa na joto lake.

Wakati wa chai, karani wa kozi, mzee Iarla, akanisogelea na kikombe chake.

"Mama, mimi ndiye niliyepokea simu yako ya kujitoa."

"Sikupiga simu yoyote."

"Aliyepiga alisema ni Noreen Tuohy. Kiayalandi chake kilikuwa kizuri hasa, kama cha bibi yangu. Nikajisemea, huyu alikuwa anakuja kusomea nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka.

Miaka yote nilimwomba huyu mwanamke sentensi moja ya Kiayalandi. Siku alipokitoa, alikitoa kwa jina langu, ili aniibie nafasi!

Nikaweka kikombe, nikatoka. Gari lake bado lilikuwa kwenye maegesho. Nikagonga kioo, akakishusha.

"Kwa nini, Muireann?"

Akautazama usukani. Kisha akaongea... kwa Kiayalandi. Na mimi. Kwa mara ya kwanza.

"Nimefeli, Noreen. Mtihani wa kuandika. Nimefeli mara mbili."

"Wewe?"

"Natafuta kazi ya kutafsiri. Kuongea hakuna wa kunigusa. Wakinipa karatasi niandike, vitoto vya Dublin vinanipita. Hapa palikuwa pamejaa, nikajiandikisha wa kwanza kusubiri mtu ajitoe."

"Ungeniambia tungetafuta njia."

"Nikuambie wewe?" Akanigeukia, macho mekundu. "Wewe unayeongea kama redio mbovu?"

Hata pale, jamani! Hata pale!

"Ulijua nikikosa kozi hii napoteza kazi?"

Akaanza kupandisha kioo, nikakizuia kwa mkono.

"Ulijua, wifi?"

"Ungepata kazi nyingine," akasema. "Ile haikuwa saizi yako. Tafadhali usimwambie Mama."

Nikamtazama. Kufeli hakumshushi mtu, hata mimi nimefeli mengi. Lakini huyu alikuwa radhi nifukuzwe kazi ili tu asionekane anajifunza. Kitu fulani ndani yangu kikapoa. Nilikuwa nimemwogopa miaka yote, na siku ile nikaona hakuna cha kuogopa. Kilikuwa kiburi tu, kimevaa lafudhi nzuri.

"Mama hatasikia kwangu," nikasema. "Lakini kiti sikurudishii."

Nikarudi darasani.

Bi. Damhnait hakunidanganya. Nililia. Daftari langu lilirudi kila asubuhi jekundu kama limechinjiwa kuku. Lakini kila alama ya wino ilikuwa na maelezo, na kila maelezo yalinifungua macho.

Jumapili iliyofuata, mezani, Mama Peigí akaniuliza:

"Mwanangu, kozi ilikuwaje? Muireann anasema alikwenda kuichungulia akaona ni nyepesi mno, akaondoka zake."

Muireann alikuwa anakata nyama vipande vidogo, vidogo zaidi.

"Nyepesi?" Lorcán akanitazama.

"Kwa wengine," nikasema. Nikanywa chai yangu.

Septemba nikafanya mtihani. Nikafaulu! Mkuu wa shule akanipa mkono, na sasa naandika ubaoni bila simu ya mzazi yeyote.

Mnadhani yameisha?

Juzi simu ikaita. Bi. Damhnait.

"Noreen, kuna jambo. Aliyefukuzwa kwenye kozi yangu anaweza kurudi iwapo mmoja wa waliokuwa darasani siku ile atamdhamini kwamba safari hii atatunza ahadi. Muireann ameomba. Na amekutaja wewe."

"Mimi?!"

"Amesema wewe ni wifi yake, huwezi kukataa."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka peke yangu jikoni. Yaani mwanamke huyu analitumia jina langu kwa mara nyingine bila kuniuliza!

"Sijakataa," nikamwambia. "Nitasaini leo hii. Ila aje aniombe yeye mwenyewe."

"Nimemwambia hivyo hivyo."

"Akasemaje?"

Bi. Damhnait akashusha pumzi.

"Akasema hilo hawezi."

Jana ilikuwa Jumapili. Tulikaa kama kawaida. Muireann akanipitishia bakuli la viazi. Akafungua mdomo... nikaacha kutafuna, nikasubiri. Akaufunga. Akamwomba Lorcán siagi.

Somo langu ni fupi. Ukitafuta pa kujifunza, nenda kule watakakokuonyesha makosa yako, hata ukilia. Na kabla hujapokea ushauri wa mtu anayekucheka, angalia anafaidika na nini wewe ukibaki hujui.

Kozi ya majira ya baridi inafunga milango Ijumaa. Kumsainia wifi yangu kutanichukua chini ya dakika.

Kusema "nisaidie" ndiko kunakomshinda, kwa lugha zote mbili.