Ugenini Nilimwita Robi Binti Yangu

Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali, someni tu, msinicheke. Nimeshachekwa vya kutosha.

Nilizaliwa Tarime, nikaolewa Gorong'a, na huko ndiko nilikozeekea. Mungu alinipa watoto wa kike watupu. Wote wakaolewa, wakaenda. Mume wangu Mwita alipofariki nilibaki na boma, shamba na ng'ombe, lakini mtoto wa kiume hakuna. Kwetu nyumba ya namna hiyo ni moto unaozimika huku unautazama.

Sisi Wakurya tuna dawa yake. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke. Tunaita nyumba ntobhu. Si hayo mnayofikiria ninyi vijana! Yule mwanamke anakuwa kama mke wa mtoto wa kiume ambaye hukujaliwa kumzaa. Anaweza kuwa na mwanamume wake wa kumtembelea, lakini watoto ni wa boma, na jina ni la boma.

Ndivyo nilivyomuoa Robi. Alikuwa mtu mzima, ametoka kwa mume aliyempiga mpaka akamvunja mkono. Kwangu alikuja kwa hiari yake. Ng'ombe walipelekwa kwao mchana kweupe, wazee wakaketi, pombe ikanyweka, kijiji kizima kikaona. Akazaa Ghati, kisha akazaa mtoto wa kiume. Tukamwita Mwita. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka... mume wangu amerudi!

Sasa nani aliniroga nikahama?

Mihogo ilioza shambani misimu miwili mfululizo. Robi akasikia kwamba kambi za watalii upande wa Natta, kule Serengeti, zinatafuta wanawake wa kufua mashuka. Akaniambia, "Mama, twende wote. Na wewe upumzike jembe." Nikakubali. Ng'ombe nikamwachia shemeji yangu Marwa, mdogo wa marehemu. Marwa akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, huko nani anakujua?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si ndama wa kupotea.

Tulipofikia hapakuwa kijijini hasa. Ni vyumba vya kupanga, wafanyakazi wa kambi kutoka kila mkoa, kila mtu na lugha yake. Nililima kibustani cha mahindi, tembo wakakimaliza kwa asubuhi moja. Nikasema haya, ndiyo ugeni, nitazoea.

Jirani yetu alikuwa Mama Sabina, mwanamke wa mbali aliyemfuata mumewe, dereva wa kambi. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kusema. Siku moja bombani akaniuliza Robi ni nani wangu. Nami kwa kujiamini nikamweleza kwamba nilimuoa, na ng'ombe nilitoa.

Lo! Yule mama alicheka mpaka akashika bomba asianguke.

"Jamani njooni msikie! Bibi ana mke! Huko Tarime mnakunywa nini?"

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Watoto walinipokea njiani: "Shikamoo, bwana harusi!" Wanawake wakaniuliza kama nanyoa ndevu. Mimi, mtu mzima, niliyeheshimika kwangu mpaka wanaume walinipisha njia!

Mwezi ule ule, pale pale bombani mbele ya wote, mama mmoja wa kanisani akaniuliza tena, kwa upole, Robi ni nani wangu. Robi alikuwa pale pale na ndoo kichwani. Nikasema... ni binti yangu.

Robi alinitazama. Akaondoka na maji yake.

Mzaha ukaisha. Hata Mama Sabina aliamini kwamba siku ile nilikuwa namtania. Nikafurahi! Nani angejua kwamba kwa maneno hayo matatu nilikuwa nimebomoa boma langu?

Baadaye akaja Daudi, fundi wa magari ya watalii. Siwezi kumsema vibaya, ingekuwa rahisi kama ningeweza. Hanywi, hapigi kelele. Alikuja na sukari, akaniinamia, "Shikamoo, mama mkwe." Alirekebisha mlango wetu. Alimfundisha Mwita kupanda baiskeli. Mimi nikahesabu kwamba ni mgeni wa Robi, kama mila yetu inavyoruhusu. Kwamba yeye hiyo mila haijui, sikujali. Nikamwambia Robi amweleze. Robi akasema, "Nitamweleza, mama." Hakumweleza. Na mimi nikanyamaza, maana kumweleza Daudi ni kuurudisha ule mzaha wa bombani.

Siku ya siku Daudi akaja na wazee wawili wa kanisani kwake. Wakanywa chai. Kisha wakanishukuru kwa malezi ya binti, wakasema Daudi amehamishiwa Arusha, anaondoka na familia yake.

Nikauliza, familia gani? Wakasema Robi na watoto.

Nikasimama. Nikapiga kelele kwamba Ghati na Mwita si wa Daudi, walizaliwa kabla hajafika! Daudi akanijibu taratibu, "Mama, najua. Nitawalea wote kama wangu." Wazee wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwambia ukweli wote. Akamwita Mama Sabina, naye hakusema uongo hata kidogo. "Bibi mwenyewe alituambia ni binti yake. Sisi wote tulisikia."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bibi, binti akiolewa anaondoka. Wewe kwenu hukuondoka?"

Nikamgeukia Robi aseme.

"Mama, hujanikosea," akasema. "Ila hapa mimi naitwa mke wa Daudi. Na napenda kuitwa hivyo."

Nikamwambia mwenyekiti kwamba kwetu wapo walioona ng'ombe wakitolewa.

Mwenyekiti akasema kama ninao wanaojua mambo yangu, niwalete, atawasikiliza. Nikapanda basi kurudi Gorong'a. Mzee aliyeswaga ng'ombe wa mahari alikuwa ameshazikwa. Baba yake Robi alikuwa hai, lakini akasema bintiye ni mtu mzima na yeye hataki kesi za ugenini. Wengine walisema ni mbali na shamba halingoji. Marwa peke yake ndiye aliyechukua fimbo yake tukaondoka.

Tulipofika chumba kilikuwa kimefagiliwa. Nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya kitanda. Mama Sabina akatoka, safari hii hakucheka. Akasema, "Bibi, walikusubiri, gari la kazini likawahi." Walisubiri! Marwa aliketi kizingitini. Hakunikumbusha lile swali lake, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nimerudi Gorong'a. Wananipa pole kama mtu aliyefiwa, lakini matanga hayakaliwi, maana hakuna aliyekufa... Robi hupiga simu sikukuu. Hunitumia vitenge. Mara ya mwisho alimpa Mwita simu. Nikamwamkia kwa Kikurya, hakuelewa. Nikarudi kwenye Kiswahili, nikamwita, Mwita, baba yangu, hujambo?

Akasema, "Shikamoo, bibi. Siku hizi naitwa Emanueli Daudi. Wewe ni mama yake mama, eti?"

Niliitikia ndiyo.

Wasomaji, mkihamia mahali pageni, hameni. Sikatazi. Lakini siku ya kwanza tu waambieni watu ninyi ni nani, na wanaokaa nyumbani mwenu ni nani wenu. Wakicheka, waacheni wacheke mpaka wachoke. Kicheko kina mwisho. Mimi nilikikimbia, na sasa boma la Mwita limebaki na bibi mmoja, na akifa huyo, mlango unafungwa. Nawasihi, hasa ninyi mama wenzangu... msifanye nilivyofanya mimi.