Damu ya Mzee Ndani ya Simu

Je, umewahi kuchemsha ukindu wa kusukia mikeka kwenye rangi, ukaona maji yanavyogeuka? Bibi Maimuna wa Bigwa aliianza kazi hiyo miaka ya ruksa, maduka yalipofunguka na rangi za unga zikajaa sokoni. Marehemu mumewe ndiye aliyemletea pakiti ya kwanza: damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Hadi leo akifunua sufuria, humkumbuka.

Jioni moja mjukuu wake, Asia, aliingia na simu mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umenuna kama mbuzi aliyenyeshewa?"

"Mteja wa Dar amerudisha mkeka wako. Rangi aliyoichagua kwenye programu yangu ya kuuzia mikeka siyo aliyoletewa. Ukirudi mwingine, akina mama wasukaji wenzako watajitoa."

Bibi akasogeza simu karibu na macho. "Hii si damu ya mzee, hii nyanya! Ongeza kijani na buluu, ikolee. Sufuriani ndivyo tufanyavyo."

Asia akafuta namba ya ile nyekundu, FF0000, akaandika FF8080. Rangi ikapauka, ikawa waridi.

"Loo! Umetia maziwa?"

Angelina, jirani yao anayetengeneza programu za simu, alikuwa amefuata chumvi. Akacheka.

"Bibi, simu si sufuria. Ina taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Sufuriani rangi zikizidi, ni giza. Hapa taa zikizidi, ni mwanga. Zote zikiwaka kabisa, unapata nyeupe."

"Na herufi kwenye hesabu zinatafuta nini?"

"Hapa baada ya tisa tunaendelea na A mpaka F. Mbili za kwanza ni za nyekundu, za katikati kijani, za mwisho buluu. 00 taa imezimwa. FF inawaka yote. 80 ni kama nusu."

"Basi nyekundu iwake nusu. Hizo nyingine zizimeni!"

Asia akaandika 800000.

Bibi akaulaza mkeka kando ya simu. Kurwa na doto! Aliiona tena ile pakiti, na vidole vya mumewe vilivyochafuka unga.

Tangu hapo mikeka ikaenda, hakuna uliorudi. Siku moja Asia akamkuta bibi anasuka, ukindu wa damu ya mzee umejaa mapajani.

"Huu wa mteja gani, bibi?"

Bibi hakuinua macho.

"Wangu. Miaka yote nasuka ya kuuza. Nilikuwa nataka mmoja wa rangi hii, niulalie mwenyewe."