Vidonge vya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akapiga mluzi. Zamani, kabla mluzi haujaisha, mbwa wao Kasi alikuwa tayari mlangoni, mkia ukigonga mbao. Siku hizi aliinua kichwa tu. Akijaribu kusimama, miguu ya nyuma ilitetemeka, akaketi tena na kutazama pembeni kana kwamba ameona haya.

"Mtafutieni jina jingine," bibi alitania. "Hilo limeshamkimbia."

Chiriku hakucheka. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukutulia, lakini hofu hii hakumwambia mtu. Kasi alikuwepo tangu yeye anatambaa. Chiriku alimkanda miguu, akamburuta uwanjani ili akimbie, akamwachia nyama yake yote. Wapi! Kasi alizidi kudhoofika.

Ndipo alipomwona bibi akimeza kidonge cha magoti, akapumzika kidogo, kisha akainuka. Kama vidonge hivi vinamwinua bibi, aliwaza, vitamwinua na Kasi. Akachukua kimoja kwa siri, akakificha ndani ya mkate.

Kesho yake Kasi alitembea hadi langoni. Chiriku nusura alie kwa furaha. Akaongeza kidonge cha pili, na siku zilizofuata akaendelea hivyo hivyo.

Jumamosi Kasi alikataa maji. Alitapika, na matapishi yalikuwa na damu. Mama aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano. Jirani yao fundi viatu alileta toroli, wakamlaza Kasi juu ya gunia, wakaenda mbio kwa daktari wa mifugo. Chiriku alikimbia pembeni ameshika sikio la mbwa wake. Lilikuwa la baridi.

"Amekula nini?" daktari aliuliza, akimbonyeza Kasi tumboni.

"Chakula chake cha kila siku," mama alijibu.

"Hii inafanana na sumu. Kuna mtu ametega panya karibu?"

Mama alimgeukia fundi viatu polepole. "Wewe si uliweka sumu dukani kwako juzi?"

"Niliiweka juu ya kabati, mama. Mbwa huyu hata kizingiti kinamshinda." Fundi bado alikuwa akihema kwa kusukuma toroli.

Daktari alifungua kabati la dawa. "Basi nitamtibu sumu ya panya."

Chiriku aliitazama chupa aliyoitoa daktari. Akisema, wangejua ni yeye. Akinyamaza, Kasi angepewa dawa isiyo yake, na fundi angebeba lawama. Kasi akaguna kwa maumivu.

"Ni mimi," alisema. "Nimempa vidonge vya bibi. Vya magoti. Kila siku."

Daktari alirudisha chupa, akachukua nyingine.

"Umesema wakati bado kuna la kufanya," alimwambia huku akitafuta mshipa. "Dawa inayomtuliza mtu inaweza kumtoboa mbwa tumbo. Usimpe mnyama wala mtu dawa ya mwingine."

"Atapona?"

"Tumbo, huenda likapona. Uzee, hapana. Huo hauna sindano."

Mama alimwomba fundi radhi. Chiriku naye akaomba, macho chini. Fundi alimgusa bega tu, akakaa nao hadi dripu ikaisha.

Kasi alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, mbavu nje, akitembea kwa kuyumba. Chiriku alikwenda kwa bibi na kukiri yote.

"Kumbe ni wewe," bibi alisema. "Nilidhani nasahau kuhesabu. Nimeuma meno usiku kucha kwa maumivu, nikaona aibu kuomba vingine."

Chiriku alilia hadi akakosa pumzi. "Sitaki afe, bibi. Nilitaka awe kama zamani."

Bibi alimvuta karibu. "Mimi nami sitakuwa kama zamani, mjukuu wangu. Utanipa nini ili nirudi?"

Chiriku aliweka mkono juu ya magoti ya bibi.

"Hakuna. Ukimpenda aliyezeeka, usimlazimishe awe kijana. Muulize mwenye ujuzi jinsi ya kumpunguzia maumivu, umsogezee maji, ukae naye. Siku yake itafika, nawe utalia. Lakini leo yupo, na ana kiu."

Chiriku alifuta uso, akachukua bakuli, akaenda kuchota maji.