Chupa Arobaini na Moja

Ijumaa tarehe 15 Oktoba 2010, saa nane na robo mchana, Arlene Chilson alirudi ofisini kutoka kwenye chakula cha mazishi akakuta maji yote ya vipimo yamemwagwa. Chupa arobaini na moja alizoziacha kwenye jokofu zilikuwa juu ya taulo kando ya sinki, tupu, zimesuuzwa, zimefudikizwa kwa safu, na vifuniko vyake vimepangwa pembeni. Sakafu ilikuwa kavu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, vilevile alivyouacha saa sita kasoro dakika kumi.

Aliketi bila kuvua koti. Miaka kumi na tisa amekuwa karani wa kata ya Harlow Run, huko kaskazini mwa Pennsylvania, na hajawahi kupotelewa hata na kalamu. Alipowapigia simu polisi wa jimbo, askari alimuuliza kimeibwa nini. Akasema maji. Askari akauliza kama mabomba bado yanatoa. Walikubaliana kwamba atakuja mtu Jumatatu.

Jumatatu, bwana. Jumatatu hiyohiyo, saa moja asubuhi, mtambo wa kuchimba gesi ungeanza kazi kule kilimani. Kwa miezi minane kata, yenye madiwani watatu, karani mmoja na greda moja bovu, ilikuwa ikijiandaa. Barabara zote zilipigwa picha shimo kwa shimo, ili malori yakizivunja ijulikane nani wa kuzitengeneza. Watu wa zimamoto walipelekwa kufundishwa moto wa gesi. Mwisho kabisa, maji ya kila nyumba iliyokubali yalichukuliwa ili yapimwe kabla udongo haujatobolewa. Hilo ndilo lilikuwa jambo zito kuliko yote. Ukipima baada ya mtambo kuanza, hujui tena ubaya umetoka wapi, unabaki kubishana na mawakili mpaka uzeeke.

Arlene aliwapigia maabara, akajieleza, akabembeleza. Walikubali kuja kesho yake saa mbili asubuhi kuchukua maji upya, nyumba kwa nyumba, lakini hakungekuwa na mara ya tatu. Kwa hiyo hasara ilikuwa na dawa. Ila aliyemwaga leo anaweza kumwaga na kesho, na baada ya kesho kulikuwa na Jumapili, halafu basi.

Akaanza kufikiri kwa utaratibu, maana ndiyo kazi yake. Ufunguo wa akiba unaning'inia kwenye msumari nyuma ya ghala la chumvi ya barabara, ili dereva wa kusukuma theluji aweze kuingia kujipasha moto. Kata nzima inajua, na mgeni hawezi kujua. Chupa ziliandikwa namba tu. Orodha ya majina ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo uko shingoni mwake. Droo haikuguswa. Na kwa nini chupa zisuuzwe? Mtu anayeharibu haoshi vyombo.

Hata hivyo mtuhumiwa wa kwanza alikuwa ndiye ambaye kila mtu angemtaja. Trent Maddock, wakala wa ardhi wa kampuni ya gesi, mtu wa Oklahoma mwenye buti za ngozi ya mamba, alikuwa mgahawani akila pai ya tufaha. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Alisema tangu saa sita yuko hapohapo na simu zake, na mhudumu akakubali kwa kichwa, akiwa amechoka naye. Kisha Maddock akaweka uma chini.

"Mama, hebu nikuulize. Kampuni yetu inapima maji ya nyumba zilizo jirani na mtambo, kwa gharama yake. Unadhani kwa nini?"

Arlene alisema hajui.

"Kwa sababu sheria ya jimbo inasema maji yakiharibika karibu na mtambo, mkosaji ni mchimbaji, mpaka athibitishe yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Chupa zako zinatulinda sisi kuliko zinavyowalinda ninyi. Anayeziogopa ni mtu ambaye maji yake yameshaharibika na hataki ijulikane."

Arlene hakumpenda mtu huyu, na ilimuuma kwamba alikuwa na akili. Njia nzima ya kurudi aliligeuza neno lile kichwani. Aliyetaka kuficha chupa moja, bila kujua namba yake, ingembidi amwage zote. Basi kuna nyumba Harlow Run ambayo maji yake ni mabaya, na watu wanakunywa sasa hivi. Mikono yake ilikuwa baridi kwenye usukani.

Alirudi ofisini akangoja saa kumi. Hapa inabidi atajwe Ferris Vough, mwenyekiti wa madiwani, mgane wa miaka sitini na sita aliyeuza ng'ombe wake wote mkewe Wilma alipofariki, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo kila siku saa kumi Ferris hupita ofisini na madumu mawili ya plastiki, huyajaza bombani kwa ajili ya rejeta ya trekta lake inayovuja, kisha huketi akanywa kahawa. Arlene, ambaye hakuolewa, aliyemuuguza mama yake mpaka akamzika, ana mtu mmoja tu duniani anayempigia hodi, na ndiye huyo. Kahawa ya saa kumi huiandaa saa tisa na nusu. Siku nyingine hubadilisha sweta.

Jumatano alikuwa amemwambia Ferris, kwa furaha tu ya kuwa na la kusema: "Ulipokuwa mnadani kuuza majani, msichana wa maabara alikuja kwako, nami nikamwonyesha chemchemi, tumekuchukulia chupa yako." Ferris aliweka kikombe mezani kikiwa nusu akaenda zake. Alhamisi hakukaa. Siku mbili Arlene alijilaumu, akidhani amejiingiza sana katika mambo ya mtu.

Leo saa kumi ilifika ikapita. Saa kumi na dakika ishirini alimimina kahawa kwenye sinki, akaenda kwa Doyle Beckhorn.

Doyle, diwani wa pili, ndiye aliyepiga kura ya kupinga vipimo. Alisema mkutanoni, watu wote wanasikia, kwamba chupa hizo zitaifukuza kampuni. Tena ni mfugaji, na samadi huharibu maji. Arlene alimkuta chini ya tumbo la ng'ombe akifunga mashine ya kukamua, akamweleza yaliyotokea. Doyle alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, tangu saa sita mpaka saa nane nilikuwa nakata nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa zimamoto mbele ya watu tisini. Wewe mwenyewe nilikukatia, ukasema ondoa mafuta." Kisha akacheka. "Lakini unasema zimefudikizwa? Zimesuuzwa na kufudikizwa? Huyo ni mkamuaji. Miaka arobaini na tano unafundishwa kwamba chombo kikimwagwa kinasuuzwa kinageuzwa, mkono unafanya wenyewe. Mke wangu ananicheka, hata glasi ya bia naigeuza, na baa si yangu."

"Nani aliondoka mapema?"

Doyle aliacha kucheka. Alijifanya anaiangalia mashine. "Ferris tu. Saa saba kasoro dakika kumi, alibeba sahani ya Bibi Kinner."

Wakamuaji waliobaki kwenye kata ni watatu, na wote walikuwa ukumbini wakila. Wa nne ni yule aliyeacha kukamua alipouza ng'ombe wake. Arlene aliketi garini bila kuliwasha. Alitamani awe amekosea kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na alijua hajakosea.

Desturi ya pale ni kwamba asiyeweza kufika kwenye chakula cha mazishi hupelekewa sahani iliyofunikwa karatasi ya bati, ikiwa bado moto. Bibi Kinner, mwenye miaka tisini na mmoja, anakaa mwendo wa dakika tano kutoka ukumbini. Arlene alimkuta kwenye kiti chake cha dirishani, akamuuliza kama alipata chakula.

"Nilipata, mwanangu, Mungu ambariki Ferris. Ila viazi vilikuwa baridi. Nilitazama saa, maana njaa ilikuwa inanikwaruza. Saa nane na dakika tano."

"Alitoka ukumbini saa saba kasoro dakika kumi, Bibi."

"Basi alizungukia jimbo la Ohio," Bibi Kinner alisema.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini Arlene alipobisha kwa Ferris. Ferris alikuwa jikoni amekaa bila kuwasha taa, na suti ya mazishi bado mwilini. Hakuuliza amefuata nini.

"Leo hukuja," Arlene alisema.

"Nilikuwa na kazi."

"Ndiyo. Kazi ya saa moja na robo, kati ya ukumbini na kwa Bibi Kinner. Viazi vilifika baridi, Ferris."

Ferris alimsogezea kiti.

"Ungeondoka na chupa zote ningemshuku Maddock mpaka naingia kaburini. Lakini ulizisuuza, ukazipanga."

Ferris aliitazama mikono yake. "Sikujijua. Nimemaliza, nageuka, naziona zimesimama pale kwenye taulo. Nikasema sasa nizipangue ili iweje."

"Chemchemi yako ina nini?"

Mwaka 1983, alisema, serikali ilipopiga marufuku dawa fulani ya magugu, yeye alikuwa amebakiwa na mapipa sita, na muuzaji akakataa kuyachukua. Akayafukia bondeni, juu ya chemchemi. Enzi hizo kila mtu alikuwa anafukia kitu. Wilma alikunywa maji yale miaka ishirini na minne. Ini lilipoanza kumsumbua, daktari aliuliza kama nyumbani kuna kemikali yoyote.

"Nikasema hapana," Ferris alisema. "Alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikasema hapana."

"Na wewe? Unakunywa nini?"

Ferris alielekeza kidevu mezani. Madumu mawili yalikuwa kwenye meza kati yao.

"Rejeta haivuji," Arlene alisema.

"Haijawahi kuvuja."

Arlene alihisi uso unamwaka. Alikuja na hasira ya kata nzima, sasa akajikuta na yake peke yake, na ya pili ndiyo iliyomtoa machozi. "Miaka mitatu nachemsha kahawa. Nilidhani unakuja kwangu."

"Nilikuja kwa maji," Ferris alisema. Kisha, bila kumtazama: "Lakini dumu linajaa kwa dakika mbili, Arlene. Nilikuwa nakaa saa nzima."

Ferris ndiye aliyeendelea. Alisema mwanzoni alivitaka vipimo, kwa sababu ni haki ya watu, na yeye angetafuta njia ya kukwepa siku hiyo. Ndiyo maana alikwenda mnadani. Aliposikia chupa yake imeshajazwa, usingizi ulimruka. Mtambo ukianza, mwakani kila mtu atailaumu gesi kwa kila ugonjwa. Naye angeilaumu pamoja nao. Angesema chemchemi ilikuwa safi mpaka walipokuja.

"Ningelisema neno hilo mpaka nikaliamini," alisema. "Karatasi ya majibu ingenizuia."

"Na kina Tubbs?"

Hapo ndipo Ferris alipofumba macho. Joss na Renae Tubbs, na mtoto wao wa miezi saba, walihamia mwaka jana kwenye kiwanja cha chini ya bonde, na aliyewauzia ni yeye. Kisima chao ni kirefu, alisema. Alijiambia ni kirefu vya kutosha.

"Simama," Arlene alisema. "Vaa viatu."

Walishuka kwa miguu, mita mia tatu hivi, hawakusemezana. Renae alifungua mlango akiwa na mtoto kiunoni. Arlene alikuwa amejiandaa kusema yeye, lakini Ferris alivua kofia akatangulia.

"Msiyanywe maji," alisema. "Wala mtoto msimwogeshe. Ni kosa langu, na nililijua."

Joss alitoka chumbani akamshika ukosi, akampigiza kwenye nguzo ya baraza. Ferris hakuinua mkono. Arlene aliwaachanisha, akamwambia Joss kwamba polisi watakuja Jumatatu na kesho asubuhi maabara, na usiku huu wanalala kwake, vyumba vipo. Walikuja. Alikaa mpaka saa tano akizipigia simu nyumba zote zilizobaki, na hakuna hata moja iliyokataa. Jumamosi chupa zilijazwa tena. Ya Ferris aliijaza Ferris mwenyewe, akiwa amepiga magoti kwenye chemchemi, na msichana wa maabara amesimama juu yake.

Alijiuzulu udiwani kabla polisi hawajafika, na shauri lake lilipangiwa tarehe ya Desemba. Mtambo ulianza kwa wakati wake. Saa kumi zilikuja na kupita, na Arlene hakusikia hodi.

Majibu yaliletwa baada ya wiki tatu. Kisima cha kina Tubbs kilikuwa na chembechembe za dawa, si nyingi, na daktari alisema mtoto wamemuwahi. Arlene aliwapelekea bahasha yao kwanza. Kisha akapanda kwa Ferris na ya kwake, akamkuta kwenye meza ileile. Alimpa, Ferris akairudisha. Hakuwa na miwani, alisema, ingawa ilikuwa mfukoni mwa shati lake.

Arlene alifungua akamsomea, kiasi kilichopatikana na kiasi kinachoruhusiwa. Kilichopatikana kilizidi mara tisa. Ferris alisikiliza mpaka akamaliza.

"Inasema nini kuhusu Wilma?"

Arlene aligeuza karatasi upande wa pili, ingawa alijua ni mtupu.

"Haisemi, Ferris. Ni karatasi ya maji."

Ferris alitikisa kichwa polepole. Kisha akamwomba aisome tena tangu mwanzo, na Arlene akavuta kiti akasoma.