Madobi Sita, Cheti Kimoja

Mimi ni fundi viatu. Hasira zangu ziko karibu, na mtaa mzima unajua. Mke wangu, Mama Pacha, ni mtu mpole. Katika miaka kumi na sita ya ndoa nilikuwa nimemsikia akipandisha sauti mara mbili tu.

Yeye ni dobi wa hospitali. Kila asubuhi huamka kabla yetu, huwachemshia watoto wetu pacha chai, kisha huenda kazini kwa miguu. Hospitali ile ina vitanda mia mbili. Shuka zake zote hupita mikononi mwa madobi sita. Mama Pacha ana miaka kumi na miwili katika kazi hiyo, na vidole vyake vinanuka sabuni hata siku ya mapumziko.

Jumatatu moja jioni alirudi akabamiza mlango. Niliacha kula.

"Wanatutoa," alisema.

"Nani anawatoa?"

"Hospitali. Mashine mpya za kufulia zimefika. Kuanzia Jumatatu ijayo, dobi asiye na cheti cha mafunzo haingii chumba cha kufulia. Nafasi yake anapewa mwingine."

"Si mlisoma? Wewe mwenyewe uliniambia mmefaulu."

"Tumefaulu. Cheti kimetoka kimoja. Kina jina la Shangazi."

Shangazi si ndugu yetu. Ni dobi mkubwa kuliko wote pale kazini, na wote humwita hivyo.

Nikamwambia anieleze polepole. Wiki tatu kabla, msimamizi wao aliwatumia ujumbe kwenye simu. Ulikuwa na kiungo, yaani mstari wa kubonyeza ufike mtandaoni, na ulisema hivi: "Wafanyakazi wote wajisajili kwenye mfumo wa mafunzo mtandaoni kupitia kiungo hiki, wakamilishe moduli zote na tathmini." Basi. Hakuna mtu aliyekwenda kuwaeleza moduli ni mdudu gani. Mimi nasema huo ni uvivu. Ni sawa na kumtupia mtu ngozi na misumari, ukamwambia kesho uje na kiatu.

Sasa, madobi wale wana desturi yao. Kazi ni ya wote. Hata daftari la zamu husainiwa na mmoja kwa niaba ya sita, na hakuna aliyewahi kulalamika. Basi na mafunzo waliyafanya hivyo hivyo. Simu ya Shangazi ndiyo yenye kioo kikubwa. Waliketi juu ya marobota ya shuka, wakaizunguka. Shangazi akaandika jina lake. Maswali yakija, kila mtu anapaza jibu lake, wengi wape. Mwisho wakafaulu, wakapigiana makofi. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma. Anasema aliona kisogo cha Shangazi kuliko alivyoona video.

Siku hiyo ya Jumatatu orodha ikabandikwa ukutani. Shangazi: amekamilisha. Wengine watano, kila mmoja: hajaanza.

"Nilimwambia msimamizi tulikuwa wote," alisema Mama Pacha. "Akanijibu, 'Mfumo hauwaoni.'"

"Huyo mfumo anakaa ofisi gani?" niliuliza. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

"Keti chini. Ukienda kugomba nitafukuzwa kesho badala ya Jumatatu."

Nikaketi. Nikatoa wazo, na nilidhani ni wazo zuri. "Waite pacha. Watoto wa siku hizi wanaijua mitandao. Mmoja wao akufanyie mtihani, mambo yaishe."

Mama Pacha aliutazama mlango wa chumba cha pacha. Nadhani alikuwa karibu kukubali.

Hapo jirani yetu akabisha hodi. Yeye ni mkutubi kwenye maktaba ya umma, na nyumba yake na yetu zinashiriki ukuta. Alikuwa amesikia mlango ukibamizwa, akaja kuuliza kama tumepata msiba. Tukamweleza yote, pamoja na wazo langu. Akanikazia macho.

"Shemeji, Jumatatu kwenye shuka zenye damu ataingia nani? Mama au mtoto?"

"Mama."

"Basi asome atakayeingia."

Nikakivua kile kiatu kimoja.

Kesho yake, zamu ilipokwisha, Mama Pacha alikwenda maktaba. Nilifunga kibanda mapema nikamfuata. Nilitaka kuuona huo mfumo kwa macho yangu.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na kompyuta nane, mbili mbovu. Mkutubi alimkalisha Mama Pacha mbele ya moja, yeye akavuta kiti pembeni.

"Kazini una kabati?" alimuuliza.

"Ninalo. Lina kufuli."

"Akaunti ni kabati lako ndani ya mfumo. Mafunzo yako, alama zako na cheti chako vinakaa humo. Ufunguo wake ni nenosiri. Nyinyi sita mlifungua kabati la Shangazi, mkaweka kazi yenu yote humo. Mwenye kabati ni nani?"

"Shangazi."

"Ndiyo maana. Kompyuta haihesabu vichwa. Inajua jina lililofungua, basi."

Mama Pacha alivuta pumzi. "Maneno hayo yangemgharimu nini msimamizi?"

Wakaanza kujisajili, yaani kuandika jina na namba ya simu ili akaunti ifunguliwe. Ikafika zamu ya nenosiri.

"Weka majina ya pacha," nilisema.

"Hayo mtaa mzima unayajua," alisema mkutubi. "Nenosiri ni siri. Weka herufi na tarakimu ambazo mtu hawezi kukisia. Shemeji, geuka."

"Mimi ni mume wake."

"Geuka."

Nikageukia ukuta, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilipogeuka tena, kioo kilikuwa kimejaa maandishi. Mkutubi alionyesha kwa kidole. "Haya mafunzo yote kwa pamoja ni kozi. Kozi imegawanywa katika moduli, yaani sehemu. Yako ina tano. Kila moduli ina video na maswali machache. Mwisho kabisa kuna tathmini, ambayo ni mtihani. Mstari huu wa kijani unarefuka kadiri unavyosoma, ujue umefika wapi."

"Na nikichoka katikati?"

"Unatoka. Ukirudi kesho, unaendelea ulipoachia. Kuna mafunzo ya mubashara, mwalimu anaongea wakati huo huo, ukichelewa umechelewa. Haya si hayo. Unayasoma kwa mwendo wako. Usipoelewa video, bonyeza hapa uirudishe nyuma. Hata mara kumi."

Mama Pacha akageuka kunitazama. "Umesikia? Kwa mwendo wangu. Msimamizi alitupa nusu saa ya chai."

Siku hiyo alimaliza moduli mbili. Kabla hajainuka, mkutubi alimfundisha jinsi ya kutoka kwenye akaunti. "Kompyuta hii ni ya umma," alimwambia. "Usiache kabati wazi."

Jumatano akamaliza tatu zilizobaki, akaingia kwenye tathmini. Nilikuwa nyuma yake, nimeambiwa nisifungue mdomo. Maswali yalikuwa ishirini. Alijibu polepole, kwa kidole kimoja. Matokeo yakaja: asilimia sabini na tano. Ya kufaulu ni themanini.

"Nimekwisha," alisema.

"Hujaisha," alisema mkutubi. "Mfumo unaruhusu kurudia. Kwanza tazama ulipokosea. Kila jibu lina maelezo chini yake. Yasome."

Mama Pacha akasoma. Alifika kwenye swali moja akasimama hapo. Liliuliza: ukichomwa na sindano iliyosahauliwa kwenye shuka, ufanye nini kwanza? Yeye alikuwa amechagua, "Kamua damu itoke."

Maelezo yalisema: "Usikamue. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Toa taarifa mara moja ili daktari akupime. Ukihitaji dawa ya kinga, inatakiwa uianze mapema iwezekanavyo, kabla saa sabini na mbili hazijapita."

Alisoma mara mbili. Kisha alipandisha sauti, humo humo maktaba.

"Shangazi alichomwa mara mbili! Mimi ndiye niliyemkamua kidole! Kwa mkono wangu!"

Watu wote wakageuka. Mkutubi hakumnyamazisha.

"Siku ile kwenye simu," alisema Mama Pacha, "swali hili lilikuja. Sote tulipiga kelele, kamua, kamua. Tukakosa, tukafaulu kwa maswali mengine, tukapiga makofi. Hakuna aliyesoma maelezo. Na mimi nilichomwa mwaka juzi. Nikakamua, nikafunga kitambaa, nikaendelea kufua."

Nikamshika bega. "Ulichomwa? Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungekwenda kugomba."

Neno hilo liliniingia. Nilikuwa na hasira na hospitali, na msimamizi, na huo mfumo. Kumbe hasira zangu ndizo zilizomfunga mdomo mke wangu miaka miwili. Nilitoka nje.

Niliporudi, mkutubi alikuwa anamwonyesha mahali pengine kwenye kozi. "Hili ni jukwaa la majadiliano. Ukiwa na swali, unaliandika hapa. Mkufunzi anajibu, na wote wanaosoma kozi hii wanaona."

"Manesi pia?"

"Manesi, madaktari, wote wa hospitali yenu."

Mama Pacha akaandika. Alichukua muda mrefu, kidole kimoja. Aliandika hivi: "Mimi ni dobi. Sindano hazina miguu. Nani anaziacha kwenye shuka? Na sisi tunaochomwa, mbona tunafundishwa leo, kwa kiungo, bila mtu?"

Akabonyeza kutuma kabla sijamwambia apunguze makali. Nashukuru sikumwambia.

Alhamisi alirudi kwenye moduli ya tatu, akaitazama video ya sindano mara nne. Akafanya tathmini tena. Asilimia tisini na tano. Cheti kikatokea kwenye kioo, kina jina lake lote. Mkutubi akamfundisha kukipakua, yaani kukishusha kutoka mtandaoni mpaka ndani ya kompyuta, kisha wakakichapisha kwenye karatasi.

Ijumaa asubuhi alikipeleka ofisini. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Shangazi, aliyekuwa mlangoni.

Msimamizi alikitazama cheti. "Hongera. Umeokoka wewe. Wenzako wanne hawatawahi, Jumatatu ndiyo hiyo."

"Umeufungua mfumo leo?" aliuliza Mama Pacha.

"Wa nini?"

"Fungua jukwaa la majadiliano."

Msimamizi alitafuta kwanza nenosiri lake kwenye droo. Alipofungua, chini ya swali la mke wangu kulikuwa na majibu thelathini na moja. Manesi wawili walikiri kwamba visanduku vya kutupia sindano havitoshi wodini. Mkufunzi aliuliza kwa nini madobi hawakupewa mtu wa kuwaongoza. La mwisho lilikuwa la mganga mkuu mwenyewe. Alitaka maelezo ya maandishi kabla ya saa sita mchana.

"Ulitutumia kiungo," alisema Mama Pacha. "Sasa tutumie mtu. Wenzangu wanataka wiki mbili, kompyuta, na saa moja ndani ya zamu. Kila mmoja na akaunti yake."

Hakupandisha sauti. Shangazi anasema ingekuwa afadhali angepandisha.

Wiki mbili zikatolewa. Kompyuta mbili zikawekwa kwenye chumba cha mikutano, na mke wangu ndiye aliyewakalisha wenzake, mmoja mmoja. Wanne wakafaulu. Shangazi alikuwa na cheti tayari, lakini aliomba aanze upya kutoka moduli ya kwanza, akasoma kila maelezo. Nafasi zote sita zikabaki za madobi wale wale. Wodi zikapata visanduku vya kutosha vya sindano.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo cheti hakikuweza kulifanya. Shangazi na Mama Pacha walikwenda maabara ya hospitali yao kupimwa damu, wajue kama sindano zile ziliwaambukiza virusi. Safari hii nilikwenda nao, nikaketi kwenye benchi bila kugomba na mtu. Majibu yalipotoka, wote wawili walikuwa salama. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Shangazi akalia.

Mama Pacha aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Uso wake haukulegea.

"Hebu cheka basi," nilimwambia. "Mko salama."

"Tumebahatika," alisema. "Hakuna aliyetulinda."

Akavaa glavu, akarudi kufua.