Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine Kuukuu

Mvua iliwafukuza watu wa Taipei barabarani, dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Ruo-ting, gauni la manjano likimng'ang'ania magotini, aliinyakua pakiti ya mwisho ya kijani ya vitafunio. Kijana mmoja mrefu naye alikuwa ameishika.

"Dada, niachie. Mashine yangu imenizidi umri."

"Yangu ndiyo kwanza inazaliwa, kaka. Chukua hiyo ya njano."

"Ya njano? Unataka izime?"

Wakacheka. Nani Taipei asiyejua imani ya mafundi kwamba kompyuta haitulii mpaka iwekewe pakiti ya kijani ya vitafunio juu yake? Kumbe kazi yao ilikuwa moja. Kampuni ya meli ilikuwa imemwajiri Ruo-ting atengeneze skrini mpya za kukatia tiketi, naye kijana yule, Kuan-yu, alitunza programu ya zamani iliyohesabu viti, ile aliyoiandika mama yake kabla ya kustaafu na kurudi kwao, kisiwani Penghu. Walitakiwa kuziunganisha. Zisipoelewana siku ya tiketi za mwaka mpya, meneja angeifuta kazi ya mama.

Pakiti ikawekwa juu ya mashine kuukuu, na penzi likakolea.

Siku moja kabla ya mauzo, Ruo-ting aliona tarehe ya pakiti imepita. Lo! Aliitupa, akakimbia kununua nyingine. Aliporudi, Kuan-yu hayupo. Alimpigia mpaka kidole kikamuuma.

"Hallo?"

"Uko wapi, mpenzi?"

"Asubuhi umesema programu ya mama inakuchosha. Sasa nakuta pakiti yetu jalalani. Nimeelewa, Ruo-ting."

"Hujaelewa kitu, we kichwa maji! Imeisha muda! Ulitaka mashine ya mama'ko ilindwe na kitu kilichooza?"

Simu ikakatwa.

Ruo-ting alilia, akafuta machozi, akarudi kazini. Na hapo ndipo alipogundua kosa lililozuia programu zao kuelewana. Programu ya mama ilijibu kila swali, ila polepole, na skrini yake yenye haraka ilikata tamaa kabla jibu halijafika. Akaandika kipande cha katikati cha kupokea swali na kulishikilia mpaka jibu lije.

Kesho yake saa sita mchana, mauzo yakafunguliwa. Ofisi nzima ilikodoa macho kwenye skrini ya Ruo-ting. Skrini ikasubiri, ikasubiri... tiketi ya kwanza ikatoka! Watu wakarukaruka, meneja akapiga makofi.

Ruo-ting aliisoma tiketi ile. Abiria wawili, Penghu. Jina la kwanza ni la Kuan-yu. La pili ni lake.

Akageuka. Kuan-yu alikuwa mlangoni, simu mkononi, pakiti kuukuu kwapani.

"Hii nimeitoa jalalani. Siiweki kwenye mashine, naiweka kwangu," alisema. "Nisamehe, mpenzi. Usiku nilikisoma kipande ulichoandika, nikampigia mama. Mama anataka kumwona aliyeifundisha skrini kumsubiri. Nimemwambia ni mke wangu mtarajiwa. Nimekosea?"

"Umekosea," Ruo-ting alisema, tayari amemkumbatia. "Hukunichagulia kiti cha dirishani."